Barua kwa Baba kutoka Xi'an

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwenu mlio mbali na macho yangu. Baridi imeanza kuuma lakini nguo ninazo, mwambie Mama asiwe na wasiwasi.

Siku ile kwenye simu uliniuliza kama washairi wa Kichina nao waliwasifu wafalme wapate kula. Waliosifu wapo, tena wengi. Lakini ninaowasoma mimi usiku, hata nikiwa nimechoka na vitabu vya darasani, ni wengine. Hao wakikuonyesha kitu cha anasa hawakuachi ukikitamani tu. Wanakufikisha mpaka kwa yule aliyekitolea jasho.

Kwangu mimi mkuu wao ni Du Fu. Mwaka 755, majira ya baridi, alitoka hapa hapa Xi'an, wakati huo ikiitwa Chang'an, mji mkuu wa dola ya Tang, akaenda Fengxian walikokuwa mkewe na watoto. Alishika njia usiku wa manane. Anasema baridi ilikuwa kali hata mshipi wa nguo ukamkatikia, na vidole vilivyokakamaa vikashindwa kuufunga. Alfajiri akapita mlima Li. Mfalme Xuanzong alikuwa pale kwenye kasri yake ya chemchemi za maji moto, na Du Fu anataja moja moja: ngoma, makoti ya manyoya, mchuzi wa kwato za ngamia, machungwa yaliyorundikwa. Halafu anasema:

Nyuma ya milango myekundu nyama na pombe vinanuka,
njiani imelala mifupa ya waliokufa kwa baridi.

Mlango mwekundu ulikuwa kwao kama mlango wa kuchonga kwetu Mji Mkongwe: ukiuona tu unajua mwenye nyumba ni mtu wa aina gani. Alipofika kwake akapokewa na kilio. Mwanawe mdogo alikuwa amekufa kwa njaa. Baba, mtu huyo katika msiba wake anasema: mimi sitozwi kodi wala siandikwi kwenda vitani, na haya yamenifika, je, watu wa kawaida? Hapo kila mara inanibidi niweke kitabu chini.

Nimekwenda kuiona kasri hiyo, inaitwa Huaqing. Birika la kuogea la Yang Guifei, kipenzi cha mfalme, limefukuliwa. Ni la mawe, na kingo zake zimekatwa kwa umbo la ua. Du Mu, aliyeishi karne moja baadaye, aliandika juu ya mpanda farasi anayetimua vumbi jekundu huku bibi huyo akitabasamu, na hakuna anayejua kwamba kinacholetwa ni lichi. Ni tunda la ukoo mmoja na shokishoki, huota kusini, na likishachumwa huharibika upesi. Farasi walikimbizwa njia nzima kwa ajili ya kinywa cha mtu mmoja.

Bai Juyi yeye alikuwa ofisa wa serikali, na kwa muda kazi yake ilikuwa kumkumbusha mfalme makosa yake. Ana shairi juu ya hariri moja nyeupe ya thamani kubwa, iliyofumwa na wanawake maskini wa jimbo la Yue na kuvaliwa na mabibi wa ikulu. Anakusogeza mpaka kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo: uzi ni mwembamba, mikono inauma, na kitanda kikilia mara elfu nguo haijatimia hata futi moja. Kule ikulu ikishaingia jasho na poda hakuna anayeijali tena. Inaburutwa chini na kukanyagwa matopeni. Nguo hiyo ameipamba kwa maneno mazuri mno, mpaka unapofika matopeni moyo unakuuma kama umeifuma wewe.

Sasa nina ombi. Tafsiri zangu hizi hazina vina wala mizani, na najua masikio yako hayaridhiki. Yale maneno ya milango myekundu na yale ya kitanda cha mfumi, nakuomba uyatie kwenye mizani nane nane, kisha unisomee kwenye simu Ijumaa baada ya sala. Nitayaandika na kuwasomea wenzangu wa Kiswahili hapa chuoni.

Nisalimie Mama, Bibi na wadogo zangu wote.

Mwanao akupendaye