Marejeleo ya makala za kisayansi yafunzwe mapema

Kwa Mhariri,

Nawasihi wahadhiri wa vyuo vikuu vya magharibi mwa Kenya, kuanzia Maseno hadi Kakamega, wawafunze wanafunzi wa uzamili kupanga marejeleo kabla hawajaandika aya ya kwanza ya makala ya jarida. Majarida mengi ya tiba hufuata mtindo wa Vancouver, uliotokana na mkutano wa wahariri katika mji huo wa Kanada mwaka 1978, ambapo kila chanzo hupewa nambari kulingana na mpangilio wa kutajwa kwake. Kwa hivyo, chanzo kimoja kikiongezwa katikati, nambari zinazofuata hubadilika, na anayezipanga kwa mkono huweza kumbandika mtafiti mmoja matokeo ya mwingine. Hilo ni kosa la ukweli, si la urembo. Programu ya Zotero, isiyolipishwa, huzipanga upya yenyewe, na hubadilisha mtindo iwapo jarida jingine litataka jina na mwaka, kama ilivyo katika mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Hata hivyo, mwandishi hana budi kuhakiki kila kitambulisho cha DOI, yaani alama ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, pamoja na majina ya waandishi, hasa haya yetu yenye “wa” na “arap”, ambayo programu huweza kuyakata pasipofaa.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu