Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024, pamoja na Maelezo ya Uchaguzi wa Wawakilishi Wetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha taarifa ya mwaka 2024 ya chama chetu cha madaktari hapa Tabora. Shughuli za kawaida mnazifahamu: mikutano minne ya kitaaluma ilifanyika hapa Tabora mjini, mafunzo kazini yalifika Nzega na Igunga, wenzetu watatu waliohamishwa tuliwaaga kwa heshima, na hesabu zilikaguliwa bila hoja. Mchanganuo ataueleza Mweka Hazina.

Jambo lililotugawa ni uchaguzi wa wawakilishi wawili wa kuingia katika chama kinachoshughulikia maambukizi kwa wagonjwa waliopandikizwa viungo. Barua ya mwaliko ilitaka "wawakilishi madaktari", na kwa kuwa kwetu neno daktari humchukua mpasuaji, daktari wa magonjwa ya ndani na daktari wa watoto bila kubagua, yalipendekezwa majina saba, matatu yakiwa ya wapasuaji. Baada ya kuisikiliza kamati tendaji niliamua kwamba nafasi hizo ni za madaktari wa magonjwa ya ndani na wa watoto, na majina matatu yakaondolewa. Uamuzi huo ni wangu na naubeba mwenyewe. Yamesemwa mengi, likiwamo kwamba nilikuwa nikimsafishia njia mtu wangu. Si kweli. Mimi sikugombea, na mmoja wa waliochaguliwa sijawahi kufanya naye kazi hata siku moja.

Wapo pia waliouliza Tabora ina nini cha kusema katika chama cha namna hiyo wakati hapa hakuna kiungo kinachopandikizwa. Ni kweli kwamba figo ya kwanza nchini ilipandikizwa Muhimbili mnamo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Lakini mgonjwa haishi Muhimbili wala Dodoma. Anarudi Urambo, anarudi Sikonge, akiwa na dawa za kushusha kinga atakazomeza muda wote ambao figo ile itafanya kazi, na siku homa ikimpata anabisha mlango wa kliniki zetu. Ndugu anayemchangia figo naye huenda ameishi na kulima huku huku, ameoga katika mabwawa yenye kichocho na kutembea peku katika udongo wenye minyoo ya strongiloidesi, ambayo hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, kisha, ikihamia kwa mpokeaji pamoja na figo, ikasambaa na kuua kwa kuwa kinga yake imeshushwa. Kuitafuta na kuitibu kwa dawa ya aivamektini kabla ya upasuaji ni jambo dogo. Kuigundua baadaye mara nyingi ni kuchelewa.

Mwaka jana nilimpokea mgonjwa aliyepandikizwa figo akiwa na kikohozi cha wiki sita, na vipimo vikaonyesha kifua kikuu. Kila mmoja wetu anajua kutibu kifua kikuu. Ila rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja takrolimasi, dawa ya kushusha kinga, kiwango chake katika damu hushuka, na mwili huweza kuikataa figo wakati mapafu yanapona. Nilipiga simu usiku ule ule kwa waliompandikiza, dozi ikarekebishwa, na mpaka leo figo ile inafanya kazi. Sikulieleza hili ili nisifiwe. Nimelieleza kwa sababu maamuzi ya namna hiyo, pamoja na ya virusi vya saitomegalo, vinavyoamka kinga ikishuka, na ya muda wa kutoa kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi, hufanyika kliniki, na anayeyafanya ndiye anayepaswa kwenda kuyasemea. Wapasuaji wetu nawaheshimu, na sikukusudia kuwadhalilisha. Kama barua niliyowaandikia ilikuwa fupi mno, kwa hilo nawaomba radhi.

Sasa nizungumzie mahudhurio, ambayo yameniumiza kuliko maneno yaliyosemwa juu yangu. Chama chetu kina wanachama 64 na akidi ni 32. Mkutano wa kwanza wa uchaguzi ulihudhuriwa na 19, ukaahirishwa. Nilipanda treni mwenyewe hadi Urambo na Kaliua kuwahimiza wenzetu, na ukumbi wa mkutano wa pili niliulipia kutoka mfukoni mwangu. Walikuja 24. Katiba inaruhusu mkutano wa pili kuendelea kwa idadi iliyopo, nasi tukaendelea. Kati ya hao 24, waliokuwa wamelipa ada walikuwa 18 tu, na hao ndio waliopiga kura ya siri, kila mmoja akichagua majina mawili kati ya manne. Washindi walipata kura 14 na 11. Kwamba wanachama sita walizuiwa kupiga kura mbele ya wenzao lilikuwa jambo la kufedhehesha, nakiri, lakini kifungu cha ada hakikutungwa na mimi, na waliolipa wangekuwa na haki ya kulalamika kama ningekipindisha.

Kwa mwaka mzima waliolipa ada ni 27 na zilizokusanywa ni shilingi 540,000, huku shilingi 740,000 zikiwa bado mikononi mwa wanachama 37. Baadhi ya wanaodaiwa ndio walioandika barua ndefu zaidi za kupinga uchaguzi. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Nauli ya wawakilishi wetu kwenda kikaoni itatoka humo humo, maana hatuna mfuko mwingine.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, fedha zikiruhusu, kuwa na daftari la pamoja la wagonjwa waliopandikizwa wanaoishi mkoani, na kuomba utaratibu wa kupima kiwango cha takrolimasi bila mgonjwa kulazimika kusafiri. Wawakilishi wetu nimewaomba walifikishe hili la pili katika kikao chao cha kwanza, na watatuletea majibu ya maandishi. Wanaodaiwa ada wamwone Mweka Hazina kabla ya kuondoka ukumbini leo.

Mwenyekiti,
Tabora