Ile ndege yako ndogo, ifungie mota

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani. Barua yako imenifika salama, na ile picha ya ndege yako ya mfano, ya kurushwa kwa rimoti, nimeitazama asubuhi na jioni. Mbawa umezijenga vizuri mno. Namna ulivyoufuta msasa ule ukingo wa mbele, inaonekana hukuwa na haraka.

Umeniuliza ufunge ile injini ya glo ya sentimita za ujazo 2.5 uliyopewa, yaani ile ya mafuta ya methanoli inayowashwa kwa plagi yenye kijiwaya cha moto, au ununue mota ya umeme na betri. Nakujibu mapema usikae roho juu: funga mota. Na anayekuambia hivyo unamjua, ni mtu wa injini tangu zamani.

Tuanze na mizani. Umesema mbawa zina sentimita 90 na ungependa ndege nzima isizidi gramu 600. Injini ile na mafla yake inakaribia gramu 200. Hapo hujaweka tangi, hujatia mafuta, hujafunga servo, kile kijimota cha kuvuta kabureta, wala betri ya kulisha risiva inayopokea amri za rimoti. Sasa chukua mota ya gramu 50, kidhibiti cha kasi yake cha gramu 25, na betri ya lithiamu ya seli 3 yenye mAh 1300, gramu 110 hivi. Umemaliza, kwa sababu betri hiyohiyo inalisha risiva na servo zote. Kwa ndege ya kawaida huwa napiga hesabu ya wati 220 za mota kwa kila kilo ya ndege. Yako itataka wati 130 hivi, sawa na ampea 12 kwa betri hiyo. Usipoiendesha kwa nguvu zote muda wote, utakaa angani dakika kama 10.

Utaniambia mafuta yana nguvu kuliko betri. Ni kweli kabisa. Gramu moja ya methanoli imebeba nishati mara 30 hivi ya gramu moja ya betri ya lithiamu. Lakini injini ndogo namna hiyo hutupa karibu yote kwa joto na moshi. Sehemu inayofika kwenye pangaboi ni moja ya kumi, na mara nyingi haifiki hata hapo. Mota hufikisha robo tatu au zaidi. Kwa hiyo ile mara 30 imeshuka mpaka mara nne hivi, na hizo nne zinaliwa na uzito wa chuma: silinda, pistoni, mafla, vyote lazima viwepo hata ndege ikiwa ndogo kama kipepeo. Ungekuwa unajenga ndege ya kilo 3 tungezungumza mengine, maana huko mafuta hupungua uzito kadiri unavyoruka, na kujaza tangi ni kazi ya dakika moja.

Kuna jambo la pili, na hili limenigharimu ndege. Karibu sehemu moja ya tano ya mafuta ya glo ni mafuta ya kulainisha, ya nyonyo au ya kutengenezwa viwandani. Hayo hayaungui yote. Hutoka na moshi yakajipaka bawa, tumbo na mkia, na yakipata ufa mdogo yanaingia kwenye mbao. Nilikuwa na ndege ya kiasi cha hiyo yako. Kila jioni niliifuta kwa kitambaa nikiamini ni safi. Siku moja nikaminya ubao wa mbele, ule unaoshika injini, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa. Balsa, ile mbao nyepesi ya kujengea, ilikuwa imeshakunywa mafuta, na gundi haishiki tena mahali pale. Mtetemo wa injini ukamalizia kazi: miruko miwili baadaye pua iling'oka hewani.

Hata hivyo sitaki uitupe ile injini. Ndani ya plagi yake mna kijiwaya cha platini. Unakipasha kwa betri ya volti 1.5, unazungusha pangaboi, ikishika unaondoa betri na kijiwaya kinaendelea kuwaka chenyewe, kwa sababu mvuke wa methanoli ukigusa platini hutoa joto. Mimi mpaka leo jambo hilo hunishangaza. Kisha unafunga sindano ya kabureta taratibu mpaka sauti ibadilike, kutoka ile nzito yenye moshi mwingi kwenda ile kali, halafu unairudisha nyuma kidogo. Ukiiacha kwenye ukali ule, itapata joto na kuzima angani. Sikio linajifunza jambo ambalo mota haitakufundisha kamwe. Ifunge kwenye kibao cha majaribio, uisikilize, na siku ukijenga ndege kubwa utakuwa tayari.

Wanaosema umeme ni mchezo wa juzi wasikusumbue. Kanali H. J. Taplin aliirusha ndege yake ya mfano kwa umeme huko Uingereza mwaka 1957, akitumia betri za fedha na zinki. Kilichokuwa kikikosekana ni betri nyepesi, na hizo sasa tunazo.

Ila betri za lithiamu uziheshimu. Usiondoke ikiwa inachajiwa, usiishushe chini ya volti 3.3 kwa seli, na usipoitumia kwa wiki iache kwenye volti 3.8. Ikivimba, usiirudishe kwenye ndege. Tena, injini iliyozimika haikudhuru, lakini mota iliyounganishwa na betri inaweza kuanza kuzunguka kwa kuguswa kijiti cha rimoti tu. Pangaboi liondoe wakati wote unaporekebisha mezani, na uwanjani betri uiunganishe mwisho kabisa, mkono ukiwa nyuma ya pangaboi.

Kabla hujanunua chochote, pima bodi ikiwa tupu, na mbawa na servo zake, uniandikie gramu ulizopata. Pima pia nafasi iliyopo kutoka pua hadi ardhini ndege ikisimama kwa magurudumu, maana hapo ndipo tutajua pangaboi la inchi 8 linaingia au hapana. Nikipata namba hizo nitakutajia mota ya kutafuta.

Nisalimie wote.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote