Mkiandika dau la beki, andikeni na tarehe ya mkataba

Ndugu Mhariri,

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, kurasa za michezo hujaa dau, yaani fedha za kusaini. Beki fulani wa Zanzibar kavuka na boti kwenda bara, kapewa milioni kadhaa, kapigwa picha na jezi mpya. Mkataba unakwisha lini, mshahara unaingia tarehe ngapi, akiumia nani anamtibu, hayo msomaji haambiwi. Na beki wa kawaida, anayehama timu kila baada ya msimu mmoja au miwili, maisha yake yote yamo humo.

Beki Nadir Haroub 'Cannavaro' alitoka klabu ya Malindi akadumu Yanga zaidi ya miaka kumi, lakini wa namna yake ni wa kuhesabu. Tazameni njia ya Abdallah Shaibu 'Ninja': Taifa ya Jang'ombe, Yanga, Vyškov ya Czech, kwa mkopo LA Galaxy II kule Marekani, kisha Yanga tena mwaka 2020. Kila alipofika palikuwa na karatasi ya kutia saini.

Sababu ya kuhamahama si uvivu. Mabeki wa kati hucheza wawili wawili. Mwenzako akiuzwa, au kocha mpya akaja na mfumo wa mabeki watatu, uliyekuwa tegemeo mwezi wa tano unajikuta benchi mwezi wa tisa. Ndiyo maana mkataba wa miaka miwili wenye mshahara wa uhakika ni bora kuliko dau nono la miezi sita.

Kanuni za FIFA zinamlinda mchezaji, ila azijue. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa zaidi ya miaka 3. Klabu haiwezi kuweka sharti kwamba mkataba utakuwa halali akifaulu vipimo vya afya; ipime kwanza, ndipo watu watie saini. Ikibaki miezi 6 mkataba uishe, ana ruhusa ya kuzungumza na timu nyingine.

Pa kuangalia zaidi ni mishahara. Klabu ikishindwa kulipa walau mishahara ya miezi 2, mchezaji aiandikie barua ya kudai na kuipa siku 15 kamili za kulipa. Siku hizo zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Vijana wetu wengi hawaandiki. Wanafunga begi kimya kimya, wanapanda boti, wanarudi nyumbani kusubiri simu. Hapo klabu iliyodaiwa ndiyo inayogeuka mdai: mchezaji kakimbia kazi. Na akivunja mkataba bila sababu ya haki katika kipindi cha ulinzi, ambacho kwa aliyesaini kabla ya kutimia miaka 28 ni misimu 3 au miaka 3, anaweza kufungiwa miezi 4 pamoja na kutozwa fidia. Barua moja, yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ingemuokoa. Ujumbe wa simu kwa meneja wa timu si wa kutegemea.

Jambo jingine ni kumbukumbu. Mshambuliaji ana mabao, yanamsemea hata akiwa amelala. Beki hana namba inayoandikwa gazetini, basi aweke daftari lake: mechi, dakika alizocheza, nafasi, kadi. Na mkanda wa video. Vipande vya dakika mbili vya kuokoa mipira kwa kichwa havimsaidii mbele ya kocha wa ugenini. Huyo anataka dakika 90 nzima, aone beki kasimama vipi mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, kageuza mwili nusu au kakaa mkabala kama mlingoti, na anawapanga wenzake au amenyamaza. Mechi isiyoonyeshwa kwenye televisheni, iwe uwanja wa Gombani kule Pemba au wa Mao hapa Unguja, atafute mtu wa kukaa juu jukwaani usawa wa mstari wa kati, ashike simu kwa ulalo, na asikimbize mpira. Safu nzima ya nyuma ionekane muda wote.

Msomaji wako,
Kikwajuni, Unguja