Wauza sidiria, wekeni futi kamba dukani

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi nizungumzie sidiria, na naomba sana barua hii isikatwe kwa ajili ya aibu, maana gazeti lako wanasoma akina mama na wanasoma pia akina baba wenye wake na mabinti, na hili jambo linatuumiza kila siku huku tumenyamaza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi mjini. Nashinda na futi kamba shingoni, kazi yangu ni kupima watu, kwa hiyo ninachosema hapa nakiona kwa wateja wangu mwenyewe: wanawake wengi wa huku kusini wanavaa sidiria ambayo siyo saizi yao kabisa. Mtu anakuja kushona gauni la kitenge, ukimzungusha nyuma unaona mkanda wa sidiria umepanda mpaka katikati ya mabega, mbele kifua kimeshuka, na begani mikanda imekata mfereji, ngozi pale imeshakuwa nyeusi na ngumu. Ukimuuliza anakujibu ndio maumbile yangu fundi, mimi nina kifua kizito. Wengine wanasema mgongo na shingo vinawauma sababu ya kuokota korosho, na kweli kuinama chini ya mkorosho kutwa nzima siyo kazi ndogo, wala sisemi kila mgongo unaouma ni sidiria, jembe lipo, ndoo ya maji kichwani ipo. Ila ukichukua mzigo wa kifua ukauning'iniza kwenye vikamba viwili vya begani, halafu mtu ainame asubuhi hadi jioni, lazima hayo mabega yalalamike.

Na hapa ndipo watu wengi hawajui. Sidiria haibebi kwa mikanda ya begani. Inabeba kwa ule mkanda wa chini unaozunguka mwili, wa begani ni wa kushikilia tu vikombe visiende huku na huku. Ni kama mtoto mgongoni, anabebwa na kanga iliyozunguka mwili ikakazwa vizuri, ukiilegeza hata umshike vipi kwa mikono atateleza tu. Ukitaka kujua kama sidiria yako inafanya kazi, teremsha mikanda yote miwili begani, kama kifua kimebaki palepale basi mkanda wa chini unabeba, kama kila kitu kimeshuka ujue siku zote mabega yako ndiyo yaliyokuwa yanabeba.

Sasa angalieni tunavyouziwa. Sidiria zimening'inizwa kwenye mwavuli au zimemwagwa kwenye turubai, muuzaji mara nyingi ni kijana wa kiume, anakutazama kifuani sekunde moja anasema mama wewe chukua 40 hii itakutosha. Mwanamke naye kwa aibu anaipima juu ya gauni, anaona kikombe kinafunika, analipa haraka anaikunja kwenye mfuko anaondoka. Hakuna aliyepima. Suruali ya mwanaume anaijaribu kiunoni, viatu tunajaribu, hata kofia ya kanzu mtu anaivua anaivaa mara tatu, lakini nguo inayobana mwili kuanzia asubuhi mpaka usiku tunakadiriwa kwa macho.

Namba na herufi za sidiria zina maana yake, haziwekwi ovyo. Ile namba, 32, 34, 36, ni mzunguko wa mwili chini ya matiti kwa inchi. Herufi ni tofauti kati ya kipimo cha chini na kipimo cha juu, pale kifua kilipojaa zaidi: ikizidi inchi moja ni A, mbili B, tatu C, nne D, na herufi zinaendelea, hapo mbele Waingereza na Wamarekani wanaandika tofauti kidogo. Kwa hiyo D siyo titi kubwa peke yake, inategemea imekaa kwenye namba gani, D ya 32 na D ya 40 ni vikombe viwili tofauti kabisa. Nyingine utakuta zimeandikwa 75 au 80, hizo ni saizi za mfumo wa sentimita, usizigeuze kuwa inchi kwa hesabu maana hazitoki sawasawa, zifuate kama jozi za kibandiko tu, 70 inawekwa na 32, 75 na 34, 80 na 36, 85 na 38, ndiyo maana kwenye kibandiko unaona 80/36 zote pamoja.

Kinachotokea kwetu ni hiki. Nyingi zinazofika huku zimeandikwa namba tu, herufi hakuna, kikombe ni cha wastani. Mwenye kifua kikubwa akivaa 34 anaona kikombe kidogo, basi anapandishwa 36, haitoshi, 38, mpaka anafika 40 ambapo kikombe sasa kinaenea lakini mkanda umekuwa mkubwa mno kwa mwili wake, na mkanda ukishakuwa mkubwa ndiyo ule unaopanda mgongoni. Anaongeza namba wakati alitakiwa aongeze herufi.

Nitatoa mfano wa mteja mmoja kutoka Ndanda, alikuja kushona sare ya harusi na gauni likawa linakataa kukaa kifuani, nalegeza huku linavuta kule. Nikamwambia mama naomba nikupime bila hiyo sidiria ya 40 uliyovaa. Chini ya matiti inchi 34, juu 38. Huyo ni 34D, mwenyewe hajawahi hata kuisikia. Tukatafuta mjini kwa wauzaji tunaowafahamu, 34D haikupatikana, tukapata 36C. Wengi hawajui kwamba kikombe cha 36C na cha 34D ujazo wake ni mmoja, ukipanda namba moja ya mkanda unashuka herufi moja, ukishuka namba unapanda herufi. Basi nikachukua ile 36C nikafumua vifungo vya nyuma, nikakata mkanda kidogo, nikavirudishia kwa cherehani, mkanda ukakaa 34 na kikombe kikabaki kilekile. Alipovaa kifua kilipanda hata shepu ya kiuno ikaonekana, gauni ikabidi nilibane upya sehemu ya juu maana vipimo vyote vilikuwa vimebadilika. Akaniambia fundi mbona napumua vizuri. Hiyo kazi ya kupunguza mkanda fundi yeyote anaweza, ni ya dakika chache, dada zangu msitupe sidiria yenye kikombe kizuri eti kwa sababu imelegea nyuma.

Kupima mwenyewe nyumbani inawezekana. Simama wima, zungusha futi kamba chini ya matiti iwe imelala sawa mbele na nyuma, toa pumzi, ikaze ishike mwili bila kukata, andika inchi. Halafu pima juu pale palipojaa, hapo usikaze hata kidogo. Toa cha chini kwenye cha juu. Kuna hesabu ya zamani ya kuongeza inchi 4 au 5 kwenye kipimo cha chini, mimi siifuati, inakurudisha kulekule kwenye mkanda uliolegea. Na kipimo kinakupa pa kuanzia tu, lazima uvae uone. Ukivaa inama mbele uyaingize matiti yote kwenye vikombe mpaka ya pembeni kwapani, kisha simama ujiangalie kwenye kioo: mgongoni mkanda umelala sawa na mbele, kile kipande cha katikati kimegusa kifua, hakuna nyama inayomwagika juu ya kikombe wala kikombe kilichokunjamana, waya kama upo unazunguka titi haukai juu ya titi. Vidole viwili vipite kwenye mkanda bila shida, mkono mzima ukipita imelegea. Sidiria mpya ifunge kwenye vifungo vya mwisho vya nje, kwa sababu lastiki italegea kadiri unavyofua na hapo ndipo utasogea vya ndani. Ukinunua tayari umefunga vya ndani kabisa, ikilegea huna pa kwenda.

Joto letu la huku nalo mnalijua, ukishuka Lindi au Mtwara mjini ndiyo balaa, jasho linakaa chini ya matiti na sidiria zenye sponji nene za nailoni zinalihifadhi, watu wanatoka upele na fangasi wanaona aibu hata kumwambia nesi. Ya pamba kwa kazi za shamba na jikoni ni bora, kuwa nazo mbili tatu ubadilishe, fua, anika ikauke kabisa. Najua tunaanika chini ya kanga ili isionekane, ila basi iwe sehemu inayopata hewa. Na ile tabia yetu ya kuweka hela na simu mle ndani, hela ya korosho naielewa kwenye mnada kuna vibaka, lakini simu kutwa nzima juu ya ngozi yenye jasho inaumiza na inachakaza kikombe, shoneni kimfuko ndani ya gauni, nawashonea sana wateja wangu.

Wanaonyonyesha nawaombea kwa namna ya pekee. Mwili wa mjamzito na wa mzazi unabadilika, sidiria ya mwaka jana haikuhusu tena, ukijibana nayo au waya ukagandamiza titi, maziwa yanaweza kuganda sehemu moja, titi likavimba na kuuma mpaka homa. Chukua isiyo na waya, inayofunguka mbele, ipime upya kila ukiona mwili umebadilika. Na wale wanaotishana kwamba sidiria yenye waya inaleta kansa ya matiti, kuna utafiti ulichapishwa Marekani mwaka 2014 uliohusisha wanawake zaidi ya 1,500 waliokwisha kukoma hedhi, haukukuta uhusiano wowote, si kwa waya wala kwa saa za kuvaa. Ukihisi uvimbe kwenye titi nenda hospitali, usiilaumu sidiria ukakaa nyumbani.

Kuhusu mtumba, Shirika la Viwango, TBS, walishapiga marufuku kuingiza nguo za ndani zilizovaliwa na mimi naunga mkono, ni afya zetu. Lakini bado unazikuta kwenye marobota, na tuseme ukweli kwa nini akina mama wanazikimbilia. Siyo bei tu. Ni kwa sababu mle kwenye mtumba ndimo wanamopata herufi, wanapata D, wanapata E, vitu ambavyo kwenye duka la mpya hapa kwetu havipo. Mfanyabiashara akileta saizi kamili nina uhakika watu watauacha mtumba wenyewe.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa wafanyabiashara wa Masasi, Newala, Nachingwea, Mtwara na Lindi mnaopanda basi kwenda Kariakoo kufunga mzigo. Mnaleta dazeni za rangi kumi, nyekundu, zambarau, za maua, zote 36. Leteni rangi tatu saizi kumi. Ulizeni zenye herufi, 32 mpaka 44, B mpaka E, hata chache chache. Msimu wa korosho hela ipo, mwanamke akipata inayomkaa atanunua mbili na atamleta dada yake. Dukani wekeni futi kamba na kona yenye pazia mtu ajaribu, na muuzaji awe mwanamke, au kama duka ni la kijana basi awepo dada wa kupima. Hilo pazia ni kitambaa mita mbili tu, halimfilisi mtu.

Na makungwi wetu, mama zangu nawaheshimu sana, shikamooni. Unyagoni binti anafundishwa usafi, heshima, jinsi ya kuutunza mwili wake. Ongezeni na hili la sidiria, futi kamba inauzwa bei ndogo sana. Binti anayeanza kukua anaona haya kumwambia mama yake, anavaa ya dada iliyochoka, au anajifunga kitambaa, matokeo yake shuleni hataki netiboli hataki kukimbia kwa sababu kifua kinamuuma na watu wanamwangalia. Huyo anahitaji ya kawaida tu ya pamba, mkanda mpana, imshike, isiyo na waya wala sponji, na saizi yake ipimwe tena kila baada ya miezi michache maana bado anakua. Akina baba nanyi mnaposhika hela ya nyumba msilione hili ni urembo, liwekeni pamoja na viatu vya shule.

Mhariri, nawe nikuombe, kwenye ukurasa wa wanawake chapisheni jedwali dogo, upande mmoja inchi za chini, upande mwingine inchi za juu, katikati saizi, na pembeni yake zile za sentimita. Watu watalikata watalibandika kabatini. Mimi nitalibandika ukutani hapa kibandani, na mwanamke yeyote atakayepita Masasi akitaka kupimwa kifua aje, nampima bure hata kama hana nguo ya kushona.

Fundi cherehani,
Masasi, Mtwara