Seva ikiishiwa memori, anayeuawa si lazima awe mkosaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasimamizi wenzangu wa seva jambo moja tulilolizoea vibaya. Hifadhidata ikizimika ghafla usiku, wengi wetu huiwasha upya, huomba memori iongezwe, kisha hurudi kulala. Nami nilifanya hivyo mara tatu, huku nikiilaumu hifadhidata, hadi nilipokaa nikasoma kumbukumbu (log) za keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux.

Linux huzigawia programu memori kwa ahadi, yaani huziruhusu kuomba nyingi kuliko iliyopo, kwa kuwa aghalabu haziitumii yote. Zinapokuja kuidai kwa pamoja, na swapu (sehemu ya diski inayotumika kama memori ya akiba) nayo imekwisha, keneli huchagua mchakato mmoja, yaani programu moja inayoendeshwa, wa kuuawa ili mashine nzima isikwame. Uchaguzi huo hufuata alama, na alama hupanda kadiri mchakato unavyoshika memori nyingi. Nani aliyeanza kuvujisha memori, yaani kuishika bila kuiachia, hilo halimo katika hesabu. Ndiyo maana hifadhidata yangu, iliyokuwa imetulia na gigabaiti zake tangu asubuhi, iliuawa kwa kosa la programu ndogo ya ripoti iliyokuwa ikiendeshwa nakala arobaini kwa wakati mmoja.

Ishara ya kuua inayotumwa na keneli ni ya 9, ambayo mchakato hauwezi kuizuia, kwa hiyo ni kazi bure kutafuta maelezo katika kumbukumbu za programu yenyewe: haikupewa hata nafasi ya kuaga. Kwenye kontena (programu inayoendeshwa ikiwa imetengwa na nyingine) utakuta namba ya kumalizika 137, ambayo ni 128 kujumlisha 9, nayo husema tu kwamba mchakato umeuawa, haisemi kwa nini. Ushahidi uko kwenye dmesg au journalctl -k, amri zinazoonyesha kumbukumbu za keneli, ambako kwa kawaida keneli huorodhesha michakato iliyokuwapo wakati ule. Tahadhari moja: katika jedwali hilo safu ya rss (memori ambayo mchakato unaishika kweli) huhesabiwa kwa kurasa, yaani vipande vya memori, ambazo kwenye seva nyingi ni za kilobaiti 4 kila moja, ilhali mstari unaotaja aliyeuawa huhesabu kwa kilobaiti. Mimi mwenyewe nilipotea hapo kwa saa nzima. Aidha, mstari huo ukitaja cgroup (kundi la michakato linaloweza kuwekewa kikomo cha memori), basi kilichojaa ni kikomo cha kundi hilo, na kuongeza memori ya mashine hakutasaidia kitu.

Wapo wanaoikinga hifadhidata kwa kuiwekea oom_score_adj, yaani marekebisho ya alama ile, ya -1000 ili isichaguliwe kabisa. Sikubaliani nao, kwani uvujaji unaendelea na kifo kinahamia kwa jirani. Mimi niliiwekea programu ya ripoti kikomo cha memori cha MemoryMax katika systemd (programu inayosimamia huduma za Linux), na tangu hapo ikizidisha hufa peke yake, nasi tunajua wa kumwamsha.

Wako,
Msimamizi wa seva