Shangazi, kadi ile haikuwa pambo

Shangazi, shikamoo.

Umelalamika kwenye grupu la ukoo kwamba nimekununia tangu ile sendoff ya Mwanjelwa. Ni kweli. Umenilea na nakupenda, lakini kumtoa mjukuu wako, mwenye usonji (autism), mikono masikioni mbele ya MC, ukumbi mzima unatazama, eti "asalimie kama wenzake", halijanitoka. Mtoto alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye spika. Ile mikono ndiyo iliyomwezesha kubaki ukumbini. Ulipoitoa, akajitupa chini. Na nani alisema shikamoo lazima iende na kutazamana machoni? Angepunga mkono tu, wazee wangeipokea.

Halafu ukasema kadi niliyomwandikia, ya kumwonyesha ratiba ya shughuli hatua kwa hatua, "inamdekeza". Kadi yenyewe ilikuwa kwenye mkoba wako, imekunjwa mara nne.

Harusi ya Desemba Tukuyu inakuja, na utakayekuwa naye ni wewe. Safari hii kadi ishike mkononi.

Ni manila, nusu ya A4, mistari saba isizidi. Kila mstari jambo moja, herufi kubwa, picha kushoto: kosta, kanisa, chakula, nyumbani. Usiandike "baadaye kidogo". Saa nazo, ratiba za harusi zetu unazijua, kwa hiyo andika kitu atakachokiona: "Maharusi wakikata keki, tunatoka nje." MC akichelewesha keki saa nzima, kadi bado inasema kweli. Mstari mmoja uwe wa mambo kubadilika: "Mvua ikinyesha, tunakaa kwenye gari", maana Desemba Tukuyu mvua ipo tu, na ikipiga bati hata kwaya haisikiki. Wa mwisho uwe wa kuondoka. Usipouandika, kwake shughuli haina mwisho. Mpe jioni ya kuamkia harusi, msome pamoja, na jambo likishapita alikate kwa kalamu mwenyewe.

Mkae mbali na spika, karibu na mlango. Uwanjani, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka kama desibeli 6 (kipimo cha ukali wa sauti), hivyo kutoka mita 5 hadi 20 zinaondoka kama 12. Ukumbini sivyo, kuta zinairudisha. Huko dawa ni kutoka. Yale makava ya masikio ya mafundi wa mashine ayazoee nyumbani kwanza, kwa sababu mkanda ukimbana kichwa atayatupa siku hiyohiyo. Penye utulivu ayavue.

Shati la sare lifuliwe mara mbili tatu kabla, kitambaa kipya kina wanga. Lebo ya shingoni usiikate kwa mkasi ukaacha kisiki, kinachoma kuliko lebo yenyewe. Fumua mshono.

Akizidiwa, usimmiminie maswali: una nini, unataka nini, nani kakuudhi. Wakati huo hata moja haliingii. Ondoa watu, kaa pembeni, usimshike kama hajihatarishi. Ukisema neno, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia, na urudie maneno yaleyale. Ukiyabadilisha anaanza upya kuyachambua. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu, tunadhani hajasikia.

Na ile meseji ya kwamba chanjo ndiyo inayoleta usonji usiitume tena, tafadhali. Utafiti ule wa 1998 uliohusisha chanjo na usonji ulifutwa na jarida lenyewe lililouchapisha, The Lancet, mwaka 2010. Mtoto ana usonji. Hajarogwa, hajaharibiwa, na mama yake hana kosa. Nasema hadharani kwa sababu na wewe uliisambaza hadharani.

Najua wanasema nilikosa adabu kumpitisha mlango wa jikoni bila kuaga meza ya wakubwa. Mlango wa mbele ulikuwa na wapiga picha na taa zao, ningempitisha wapi? Kuaga kungechukua dakika kumi, unaijua meza ile. Tena mlango ule nitautumia hata akiwepo askofu.

Kwenye kosta, siti ya dirishani, katikati, mbali na injini pale mbele na mbali na mlango wa konda. Redio ikiwa juu, mwambie konda wewe. Wewe hawakukatalii, mimi nikisema tutagombana kabla ya kufika Uyole.